Misuli ikinyamaza mgongo haujapumzika: Jinsi wataalamu wanavyopima kazi ya mwili

Mfanyakazi wa mkonge katika mashamba ya Voi na Mwatate hukata jani karibu na shina, huondoa mwiba wa ncha, huyafunga majani matita kisha huyabeba hadi mahali yanapohesabiwa. Kazi hiyo humwinamisha na kumwinua tangu jua halijapanda. Jioni akiulizwa panapomuuma, mkono wake huenda moja kwa moja kiunoni.

Ni rahisi kudhani kwamba kiuno kinamuuma kwa sababu misuli ya mgongo imefanya kazi kupita kiasi muda wote alipokuwa ameinama. Dhana hiyo ina mantiki, na wengi wetu tumekua nayo. Lakini zipo ala ambazo huweza kusikiliza misuli mtu akiwa kazini, na jibu lake linashangaza: mtu anapofika mwisho kabisa wa kuinama, misuli mikuu ya mgongo wa chini hunyamaza. Kwa namna kimya hicho kinavyoelewekwa, mgonjwa anaweza kutendewa haki au kudhulumiwa. Hiyo ndiyo sababu ya kueleza, bila haraka, jinsi upimaji huu unavyofanyika na kile ambacho hauwezi kamwe kusema.

Kila msuli wa mwili hungoja amri. Amri hutoka kwenye ubongo, hupitia uti wa mgongo na kushuka katika neva hadi kwenye nyuzi za msuli. Neva moja haitumikii uzi mmoja tu; hutumikia kikosi kizima. Katika misuli midogo inayozungusha jicho, kikosi kimoja huwa na nyuzi chache mno, ilhali katika shavu la mguu kikosi kimoja chaweza kuwa na nyuzi zaidi ya elfu moja. Amri inapowasili, wimbi dogo la umeme hupita juu ya nyuzi hizo, na mara tu baadaye nyuzi hujikaza. Wataalamu hulinasa wimbi hilo. Upimaji wenyewe huitwa elektromiografia.

Basi ifahamike mapema kwamba ala hii haipimi nguvu. Inapima amri. Mtu anayesimama nje ya kambi akisikiliza kelele za wanajeshi anaweza kukisia kama vikosi vingi vimeitwa au vichache, lakini hawezi kujua wamebeba nini.

Elimu hii si ngeni. Luigi Galvani wa Italia alichapisha mwaka 1791 matokeo ya majaribio yake juu ya miguu ya chura, iliyotikisika ilipoguswa na umeme. Mwaka 1849 Mjerumani Emil du Bois-Reymond alionyesha kwamba binadamu anapokaza mkono kwa hiari yake, umeme hutokea na unaweza kupimwa. Ngozi kavu ilimzuia kuupata vizuri, hivyo akaitoa malengelenge ili umeme upite, jambo ambalo wagonjwa wa leo wanashukuru halifanyiki tena. Katika karne ya 20 zilikuja sindano nyembamba za kuingizwa ndani ya msuli, kisha vibandiko vya kuwekwa juu ya ngozi. Sindano hutumiwa zaidi hospitalini kutafuta ugonjwa wa neva au wa msuli wenyewe. Mtu anayetembea, kulima au kukimbia hupimwa kwa vibandiko.

Kazi ya kubandika huonekana nyepesi, lakini humo ndimo makosa mengi huzaliwa. Kwanza ngozi hunyolewa nywele na kusafishwa kwa spiriti. Vibandiko viwili huwekwa juu ya tumbo la msuli, kwa kuufuata mwelekeo wa nyuzi, vituo vyake vikiwa vimeachana kwa milimita 20; hayo ndiyo mapendekezo ya mradi wa Ulaya uitwao SENIAM yaliyotolewa mwishoni mwa miaka ya 1990. Kikisogea kuelekea kwenye kano, wimbi hudhoofika. Kikisogea kando, hunasa umeme wa msuli wa jirani, na mpimaji huandika habari za jirani akidhani ni za mwenye nyumba. Mafuta yaliyo chini ya ngozi nayo hulififisha wimbi, kwa hivyo mtu mnene na mtu mwembamba hawawezi kulinganishwa kwa tarakimu tupu.

Kuna adui mwingine ambaye yumo katika kila nyumba iliyounganishwa na nguvu za umeme. Wimbi la msuli linalofika kwenye ngozi kwa kawaida halizidi milivolti chache. Umeme wa nyumbani nchini Kenya ni volti 240, yaani zaidi ya mara laki mbili ya milivolti moja, nao hugeuka mara 50 kila sekunde. Kwa bahati mbaya, sehemu kubwa ya nguvu ya wimbi la msuli iko kati ya mitikisiko 50 na 150 kwa sekunde. Kwa hivyo taa ya ukutani na msuli wa paja huimba kwa sauti zinazokaribiana, na anayejaribu kuichuja sauti ya taa huchuja pia kipande cha sauti ya msuli. Ni afadhali kuzima mitambo iliyo karibu na kutumia ala ya betri. Pale shambani, mbali na nyaya, adui huyo hupungua, lakini hupokewa na mwingine: joto la Voi, ambalo mara nyingi hupita nyuzi 30, hutoa jasho, na jasho hulegeza vibandiko na kubadilisha jinsi ngozi inavyopitisha umeme.

Baada ya vibandiko kukaa, mpimwa huambiwa akaze msuli kwa nguvu zake zote dhidi ya kitu kisichosogea. Kiasi cha juu kinachopatikana huwa ndicho kipimo cha kulinganishia, na kazi yoyote ya baadaye hutajwa kama asilimia ya kiasi hicho. Utaratibu huo ni mzuri, ila una mlango wa nyuma. Mtu mwenye maumivu hakazi kwa nguvu zake zote, huogopa. Kiasi chake cha juu kikiwa kidogo, kazi ndogo huonekana kubwa. Ndiyo maana si ajabu kukuta taarifa inayodai kwamba msuli fulani ulifanya kazi kwa asilimia 120. Haina maana kwamba msuli ulivuka uwezo wake. Ina maana kwamba kiasi kilichoitwa cha juu hakikuwa cha juu.

Sasa tuondoke kwenye chumba cha upimaji tupande mlima. Voi iko takriban mita 580 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Vuria katika milima ya Taita kinapita mita 2,200. Wakazi wa Wundanyi na viunga vyake huishi kwenye miteremko ambayo mgeni huihofia. Mwulize mkazi wa huko lipi ni gumu, kupanda au kushuka. Kijana atasema kupanda, kwa kuwa pumzi humwishia. Mzee atasema kushuka, akishika magoti.

Vipimo vinawapa haki wote wawili. Anapopanda, misuli ya mbele ya paja hujikaza huku ikifupika, nayo huhitaji vikosi vingi vya nyuzi na oksijeni nyingi. Anaposhuka, misuli ileile hujikaza huku ikirefushwa, kama mtu anayeachilia kamba ya ndoo kisimani polepole. Msuli unaorefushwa huweza kuhimili uzito uleule kwa kutumia vikosi vichache zaidi. Mwaka 1952 watafiti watatu nchini Uingereza, Abbott, Bigland na Ritchie, waliunganisha baiskeli mbili kwa mnyororo mmoja, mmoja wa waendeshaji akikanyaga mbele na mwenzake akipinga mzunguko huo. Nguvu za kusukuma na za kupinga zililingana, lakini aliyepinga alitumia oksijeni kidogo mno kuliko aliyekanyaga. Miaka miwili baadaye Bigland na Lippold walionyesha kwamba umeme wa msuli nao huwa mdogo msuli unaporefushwa chini ya mzigo.

Anayesoma grafu peke yake angehukumu kwamba kushuka ni mapumziko. Lakini uzito uleule ukibebwa na nyuzi chache, kila uzi hupata fungu kubwa zaidi la mzigo, na nyuzi huchanikachanika kwa kiwango kisichoonekana kwa macho. Ndiyo sababu mgeni aliyeshuka mlima mrefu siku moja huamka siku ya pili au ya tatu akishindwa kuketi. Mwenyeji haumwi hivyo kwa kuwa misuli yake imekwisha kuizoea adhabu hiyo. Misuli huizoea upesi, wakati mwingine baada ya safari moja tu.

Kwa mfano huo wa mlima tunaweza kurudi kwenye mgongo wa mkata mkonge. Watafiti Floyd na Silver wa London walieleza mwaka 1951, na kwa urefu zaidi mwaka 1955, kile walichokiona walipoipima misuli inayoandamana na uti wa mgongo. Mtu aliyesimama akianza kuinama, misuli hiyo hutoa umeme mwingi, maana inauzuia mwili usianguke mbele. Huendelea kuongezeka kadiri anavyoinama. Kisha, akikaribia mwisho wa kuinama, umeme hupungua ghafla na kutoweka, ingawa kichwa, mabega na mikono bado vinaning'inia mbele vikivutwa na ardhi. Akianza kuinuka, umeme hurudi kwa kishindo.

Mzigo haukutoweka pamoja na umeme. Umehamishwa. Sehemu yake huchukuliwa na kano zinazofunga pingili za mgongo, sehemu na visahani vya gegedu vilivyo kati ya pingili, na sehemu na misuli yenyewe ikivutwa kama mpira bila kuamriwa kujikaza. Kano hazina ubishi kama misuli. Hazichoki kwa namna ya kumwambia mtu apumzike, hulegea taratibu. Mtu akidumu ameinama, au akirudia kuinama mara nyingi, kano hurefuka kidogo kidogo, na akisimama hazirudi papo hapo katika urefu wake wa kwanza. Kwa muda fulani baada ya hapo kiungo huwa hakina kinga yake kamili.

Hebu fikiria mpangilio wa kazi yenyewe. Mkulima wa Taveta apaliliaye kwa jembe la mpini mfupi, mkata mkonge anayekusanya majani, mchimbaji wa vito anayechokoa mwamba ndani ya shimo finyu huko Kasigau, wote huweza kukaa katika mkao huo kwa muda mrefu, kisha bila kusita wakanyanyua kitu kizito: tita, gunia, ndoo ya mawe. Wananyanyua wakati ule ule ambao kano zimelegea na misuli ndiyo kwanza inaamshwa. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hapo ndipo penye hatari, wala si katika kuinama kwenyewe wala katika uzito wenyewe.

Wenye maumivu ya muda mrefu wana habari nyingine. Tafiti nyingi zimeona kwamba kwa wagonjwa wengi wa mgongo kimya hicho hakitokei. Misuli yao hubaki ikitoa umeme hata wanapofika mwisho wa kuinama, mithili ya mlinzi aliyekataa kulala kwa kuwa nyumba iliwahi kuvunjwa. Wataalamu wa tiba ya viungo hutumia tofauti hiyo kufuatilia maendeleo ya mgonjwa. Hata hivyo si cheti cha maumivu. Wako wenye maumivu ambao misuli yao hunyamaza, na wako wazima ambao misuli yao hainyamazi. Ala haijui uchungu.

Jambo hili lina uzito wa kisheria pia. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 humkataza mwajiri kumtaka au kumruhusu mfanyakazi abebe kwa mikono mzigo ambao kwa uzito wake waelekea kumjeruhi, na pia humtaka azifanye kazi zimfae mfanyakazi. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini, ya mwaka huohuo, inahusu fidia ya anayeumia au kuugua kwa sababu ya kazi. Mzigo ni rahisi kuupima kwa mizani. Kuinama hakupimwi kwa mizani. Akitokea mtu na grafu inayoonyesha misuli ya mgongo ikiwa kimya kwa sehemu kubwa ya asubuhi, wakili mwepesi wa maneno anaweza kudai kwamba kazi ilikuwa nyepesi. Daktari, hakimu na afisa wa leba wanapaswa kujua kwamba grafu hiyohiyo yaweza kuwa ushahidi wa kinyume chake.

Wasomaji wengine watauliza kuhusu mizigo ya kichwani, maana hakuna kijiji cha Taita, Sagalla wala Taveta ambako mwanamke hajaonekana akitoka mtoni na mtungi wa lita 20 juu ya ngata. Kwa hili Kenya iliwahi kutajwa duniani kote. Mwaka 1986 Profesa Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake wa ng'ambo walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya kuwapima wanawake wa Kiluo, waliobeba kichwani, na wa Kikuyu, waliobeba mgongoni kwa ukanda wa kipajini, wakitembea juu ya mashine ya mkanda unaozunguka. Waligundua kwamba wanawake hao walibeba mizigo ya hadi asilimia 20 ya uzito wa miili yao bila kutumia oksijeni zaidi ya waliyotumia mikono mitupu. Mwaka 1995 Heglund na wenzake waliieleza siri hiyo: wanawake hao walipobeba mzigo, mwendo wao uliokoa nguvu kwa kubembea kama timazi, hatua moja ikiikopesha inayofuata.

Habari hiyo ilipendwa mno, na kupendwa huko kulificha mambo mawili. La kwanza ni hesabu. Mwanamke wa kilo 60 asilimia 20 yake ni kilo 12, ilhali mtungi wa lita 20 uliojaa ni thuluthi ya uzito wake, mbali na plastiki. Aidha mkanda wa mashine haukuwa na mawe ya njia ya kupandia Wundanyi. La pili ni kwamba oksijeni ni hesabu ya mwili mzima. Haielezi shingo inalipa nini. Lloyd na wenzake, waliowachunguza wanawake wa Kixhosa nchini Afrika Kusini na kuchapisha matokeo mwaka 2010, hawakuona nafuu hiyo kuwa ya kila mtu: walikuta tofauti kubwa kati ya mwanamke mmoja na mwingine, na maumivu ya shingo yakawa lalamiko kuu la kubeba kichwani. Vibandiko vilivyowekwa shingoni vingeweza kuongeza sura kwenye kitabu hicho, kwa masharti yaleyale tuliyoyaona: shingo iliyonyooka sawasawa chini ya ngata huhitaji msuli kidogo tu kuisimamisha, huku pingili zikibeba mtungi wote.

Michezo nayo haikuachwa nyuma. Mwaka 2013 kundi la watafiti, wengi wao Wajapani, lilichapisha uchunguzi wa wakimbiaji hodari wa Kenya waliorukaruka wakiwa wamebandikwa vihisio miguuni, huku picha za mawimbi ya sauti zikionyesha shavu la mguu na kano yake ya kisigino vikinyumbuka. Umeme na mnyumbuko vilipimwa pamoja kwa sababu kano ndefu na imara hufanya kazi bila kuomba amri ya neva. Kuhusu matangazo ya mashine za mazoezi yanayojigamba kwamba chombo fulani huamsha misuli ya tumbo mara mbili ya kingine, itoshe kusema kwamba umeme mwingi zaidi si hakikisho la msuli kukua zaidi, na kwamba muuzaji hasemi vibandiko vilikaa wapi.

Je, kipimo hiki kinaweza kufanyika Taita Taveta? Vihisio vidogo vya betri, vinavyotuma mawimbi bila waya, sasa hupatikana kwa bei nafuu kuliko zamani, na mwanafunzi wa uhandisi anayejua kuunganisha sakiti anaweza kujitengenezea cha kujifunzia. Sharti kichukue sampuli zisizopungua 1,000 kwa sekunde, la sivyo wimbi litapotoshwa. Sharti la pili ni muhimu zaidi kwa shamba la mkonge: kila rekodi ya umeme iambatane na picha ya video au kipima pembe kinachoonyesha mgongo ulikuwa umeinama kiasi gani katika nukta hiyo. Bila pembe, kimya cha mtu aliyesimama wima akifuta jasho na kimya cha mtu aliyejikunja juu ya shina hufanana kabisa kwenye karatasi.

Wakati ala hizo hazijafika, kuna yanayoweza kufanywa bila umeme wowote. Mpini mrefu wa jembe humzuia mkulima kufika mwisho wa kuinama. Kupiga goti moja badala ya kujikunja huuacha mgongo na umbo lake. Na aliyekaa ameinama kwa dakika nyingi asilichukue tita papo hapo. Asimame kwanza, aweke viganja kiunoni, ajinyooshe nyuma taratibu, atembee hatua kadhaa, ndipo anyanyue. Msimamizi anayelipa kwa idadi ya matita ataiona dakika hiyo kuwa hasara, na ni yeye anayepaswa kuelezwa habari za kano kabla ya mfanyakazi.

Anayepata ganzi au udhaifu unaoshuka mguuni, au anayeshindwa kudhibiti haja baada ya kuumia mgongo, asingoje mazoezi wala vipimo vya misuli. Aende hospitali siku hiyohiyo.